Gongo la kaboni, na watatu wanaostahili kuanza mbele

Hamjambo wapenzi wa mpira wa magongo, karibuni tena hapa Kisumu. Gongo hili mkononi mwangu ndilo mliloniomba nilichambue, nami nitalichambua. Ila nimesoma ujumbe wenu wote, na nusu ya mnayouliza hayahusu gongo hata kidogo. Mnauliza nani aanze mbele. Timu yetu ya mtaa ina washambuliaji wanne na nafasi ni tatu, na tangu nambari 9 alipopata gongo hili, wengi wenu mnaona mjadala umekwisha, kwamba yeye ndiye wa kwanza kuandikwa. Mimi naona ndiyo kwanza umeanza. Kaeni nami, tutafika.

Hebu tazameni. Nalilaza mezani, uso bapa chini. Mnaona pengo hapo katikati, mwanga unavyopita? Huo ndio mpindo. Kanuni za shirikisho la kimataifa zinasema mpindo usizidi milimita 25, na kilele chake kisiwe chini ya sentimita 20 kutoka mwisho wa kichwa. Hili limesukumwa hadi karibu na mipaka yote miwili: mpindo mkubwa, na uko chini kabisa. Uzito hauna shida, maana sheria inaruhusu hadi gramu 737 na hili ni jepesi zaidi ya hapo kwa mbali. Nyenzo yake karibu yote ni kaboni.

Mpindo wa chini una kazi moja kubwa, fliki ya kona fupi, ile adhabu ambayo timu hupewa beki wa wapinzani akikosea karibu na goli lake. Mpira unasukumwa kutoka ukingoni, unasimamishwa nje ya D, ile nusu duara iliyo mbele ya goli, mfungaji anapiga hatua ndefu na kuuchukua kwenye mpini. Haupigi. Anauburuta. Mpira unakaa ndani ya mpindo, unateleza kuelekea kichwani huku mwili wote ukizunguka, kisha unarushwa juu ya kipa. Ukiwa na gongo lililonyooka, mpira hutoroka kabla hujamaliza kuzungusha kiuno. Ukiwa na hili, unakaa. Nimelijaribu, na kwa kazi hiyo ni gongo zuri kweli, sina la kupunguza.

Sasa litoe kwenye kona fupi, ulipeleke kwenye uwanja tunaocheza sisi. Nyasi zenye mashimo, na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika kiatu na jua likiwaka unapasuka. Kaboni ni ngumu, hainywi mshtuko. Mpira ukikujia unadunda, hili linaurudisha mita moja mbele yako, na beki anashukuru. Vidole navyo vinauma asubuhi yenye baridi. Gongo lenye faibaglasi nyingi husamehe zaidi; mpira ukifika unatulia. Kwa pesa za hili moja ungepata magongo kadhaa ya faibaglasi, na kwa kijana anayejifunza kupokea, singesita hata dakika moja: achana na kaboni.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mpindo wa chini huinua mpira hata usipotaka. Ukipiga kwa nguvu badala ya kufliki, mpira unapaa. Na kwenye kona fupi, shuti la kwanza likiwa la kupiga, lazima mpira uvuke mstari wa goli usiwe juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao ule wa chini langoni. Ukipita juu ya hapo, hata nyavu zikitikisika, si goli. Fliki haina kizuizi hicho. Kwa hiyo mwenye gongo hili asiyejua kufliki vizuri amenunua njia ya kukataliwa mabao.

Na kwa wale wanaodhani gongo ndilo linalomfanya mtu mshambuliaji: mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa kule Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani! Magongo ya enzi hizo yalikuwa ya mti wa mforosadi.

Haya. Tuje kwa watatu wa mbele, maana hapa ndipo mlipo.

Winga ya kulia sina mjadala nayo. Nambari 7. Ana mbio, na upande wa kulia unampa mtu kila kitu: gongo la hoki hutumika kwa uso mmoja tu, la mkono wa kushoto halipo, kwa hiyo ukikimbia kulia mpira uko upande wako wa nguvu na krosi inaingia yenyewe kwenye D. Anaanza. Tusonge.

Winga ya kushoto ndiyo nafasi inayodharauliwa katika hoki yetu, na inaniudhi, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote za mbele. Ukiwa huko, ili kupiga krosi lazima uuzunguke mpira, na ukiuzunguka beki ameshafika. Ama ugeuze gongo upige kwa ukingo wake, chini, goti likikaribia nyasi. Wangapi wanaweza hilo wakiwa mbioni? Kwetu ni mmoja, nambari 11. Anapoteza mipira mingi, najua, na mashabiki wanamzomea. Hesabuni basi na mipira anayoingiza ndani ya D, ambayo mwingine wetu hawezi kuiingiza kabisa. Anaanza.

Imebaki nafasi ya katikati. Nambari 9 au nambari 16.

Hoja ya 9 naijua kwa moyo: ana mabao mengi kuliko wote. Ni kweli. Lakini kumbukeni mabao hayo yametokea wapi. Mengi ni ya kona fupi. Mpira ukiwa unachezwa, 9 husimama pale mbele akisubiri, na kwa kuwa hoki iliondoa kuotea tangu miaka ya 1990, hakuna anayemkataza kusubiri. Mabeki wa timu pinzani wakipata mpira, wanapasiana kwa raha zao mpaka wapate njia ya kutoka. Hawabanwi. Viungo wetu ndio wanaolipia, wanakimbia mara mbili.

Nambari 16 bao lake la mwisho hata mimi nalikumbuka kwa shida. Ila mtazameni siku moja bila kufuata mpira. Beki wa kati akiupokea, 16 hamkimbilii moja kwa moja. Anakuja kwa mshazari, gongo limelala chini upande wa kulia, anamfungia njia ya katikati na kumwachia ya pembeni tu. Beki anaona nafasi, anasukuma pembeni, na huko 7 ameshaanza mbio. Mpira unanaswa mita 20 kutoka langoni kwao. Beki aliyenyang'anywa hapo hufanya nini? Anashika gongo la mtu. Anaweka mguu. Na sheria iko wazi: kosa la beki ndani ya D kwa kawaida ni kona fupi, na kosa la makusudi ndani ya eneo la mita 23 ni kona fupi vilevile.

Mmeona mnyororo huo? Kona fupi ambazo 9 anazifunga, anayezitafuta ni 16. Mkimtoa 16 ili 9 acheze, mtakuwa mmemwondoa anayempa 9 kazi.

Tazameni pia hoki ya shule huku kwetu, maana hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kuutazama mchezo. Kamusinga, Musingu, St. Anthony's kule Kitale, na kwa wasichana Tigoi na Nyamira Girls. Kwenye uwanja wa nyasi pasi ndefu safi ni bahati nasibu. Anayeng'ang'ania mpira karibu na lango la mwenzake ndiye anayetawala mechi, na mshambuliaji wa aina ya 16 ana thamani kubwa kuliko angekuwa nayo kwenye zulia bandia lililomwagiwa maji.

Sasa kuna jibu moja zuri sana ambalo mmoja wenu aliniandikia, na lilinifanya nifikiri siku nzima. Alisema: 16 aanze, na 9 akae benchi, kona fupi ikipatikana aingizwe apige. Mabadiliko katika hoki si hayana kikomo? Ni kweli hayana kikomo, mtu hutoka na kurudi. Lakini kona fupi ikishatolewa, hakuna mabadiliko mpaka imalizike, isipokuwa kwa kipa anayelinda akiumia au akifukuzwa. Kwa hiyo 9 lazima awe tayari uwanjani filimbi ikilia. Hapo ndipo mashabiki wake wanaponibana, na wana haki ya kunibana: timu isiyo na mpiga fliki uwanjani inatupa kona zake.

Nami nawajibu hivi. Awe uwanjani, sawa. Nani alisema awe mbele?

Olimpiki ya Tokyo, mfungaji bora kwa wanaume alikuwa Alexander Hendrickx wa Ubelgiji, mabao 14, na Ubelgiji ikachukua dhahabu. Ni beki. Paris 2024, Harmanpreet Singh wa India, mabao 10, shaba. Beki. Upande wa wanawake huko huko Paris, Yibbi Jansen wa Uholanzi, mabao 9 na dhahabu. Beki tena. Mataifa haya yaligundua kwamba kufliki ni ujuzi wa mtu, nafasi ya uwanjani haihusiki. Kona fupi ikitolewa, kuna muda wa kutosha wa beki kutembea hadi ukingo wa D, kupiga, na kurudi. Nafasi ya mbele inabaki kwa anayebana.

Na nambari 9, kwa haki, ana vitu vya beki. Ana mwili. Pasi yake ya kusukuma ni ndefu na iko chini. Kasi ya mita kumi za kwanza hana, na hiyo ndiyo inayomuumiza mbele, ilhali nyuma angekuwa anautazama mchezo wote ukimjia. Atajifunza kukaba, hilo ni kazi ya miezi, sitawadanganya. Wapo watakaosema namshusha cheo. Namheshimu mno kumwacha asimame pale mbele akizeeka kwa kusubiri.

Orodha yangu basi: 11 kushoto, 16 katikati, 7 kulia, na 9 beki wa kulia mwenye ruhusa ya kupanda kila kona fupi. Gongo hili libaki lake, lakini la kona na mazoezi ya fliki. Aweke na la faibaglasi kwa kupokea mipira ya nyuma. Kubadilisha gongo wakati wa mechi kunaruhusiwa, mradi si wakati wa kona fupi au penalti, kwa hiyo hili liwe mkononi mwake kabla kona haijatolewa. Akitaka kuanza na moja tu nyuma, aanze na hili hili, na ajifunze kulegeza mkono wa kulia mpira unapogusa.

Kocha ameniambia atamjaribu nyuma kwa robo mbili kwenye mechi ya kirafiki ya Jumamosi. Nitaleta kamera.