Kurudia upasuaji wa nyama za puani Dar: uzoefu wangu

Nimefanyiwa upasuaji wa nyama za puani mara mbili, zote hapa Dar, hospitali mbili tofauti. Naandika zaidi kuhusu ule wa pili, maana wengi wanaoniuliza ni watu ambao walishafanyiwa, pua ikaziba tena, na sasa wanaambiwa warudi mezani. Kwa kifupi, ule wa pili ulistahili hela yake. Ila kilichonisaidia zaidi ni yale yaliyofanyika kabla na baada ya kulala mezani.

Kwa asiyezijua, ni vivimbe laini vilivyopauka, kama zabibu zilizomenywa, vinavyoota kwenye utando wa sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, hasa zile zilizo kati ya jicho na pua. Haviumi. Vinaziba tu, taratibu, mpaka unalala mdomo wazi na kuamka koo limekauka. Mimi ni seremala, nipo Keko. Nilifika mahali kopo la vanishi linamwagika karakanani nami sina habari, mpaka kijana apige kelele. Ushauri nao haukukosekana: mafuta ya habat soda, kujifukiza, mwingine akaniletea ugoro kabisa.

Upasuaji wa kwanza sina mengi ya kuusimulia. Walitoa nyama, wakanijaza gozi puani (siku ya kuivuta sitaisahau, ilikuwa haiishi), wakaniandikia antibiotiki na diklofenaki ya maumivu, nikarudi nyumbani. Kuhusu spirei ya kila siku au kuosha pua, hakuna aliyetamka neno. Miezi kadhaa nilipumua vizuri mno. Halafu harufu ikaanza kupotea, tundu la kushoto likaziba, la kulia likafuata.

Daktari wa pili, mama mmoja mtulivu sana, hakukimbilia kisu. Aliingiza kamera nyembamba puani, akaangalia, kisha akaanza maswali. Una pumu? Ninayo. Ukinywa aspirini au diklofenaki, kifua kinabana? Hapo nikashtuka, kwa sababu kweli kinabana, ila karakanani kuna vumbi la mbao saa zote na hakuna aliyewahi kuniuliza. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya faili langu kwamba nisipewe dawa hizo wala ibuprofeni. Akaniambia wapo watu ambao pumu, nyama za puani na kutopatana na aspirini vinakuja kwa pamoja, na kwao nyama hurudi kirahisi kuliko kwa wengine. Kama una pumu na nyama za puani, mwambie daktari wako hili hata kama hajauliza.

Kisha akataka CT scan mpya. Nilikuwa na ya zamani, nikaona ni gharama tu, lakini aliniwekea zote mbili kwenye kompyuta. Hewa inaonekana nyeusi, mfupa mweupe, na uvimbe wa kijivu. Kwangu kijivu kilikuwa kimejaa karibu kila mahali. Akanionyesha mfupa unaotenganisha sainasi na jicho, ni mwembamba mno, na wa juu unaotenganisha pua na ubongo. Mtu aliyekwisha kupasuliwa, baadhi ya alama ambazo daktari huzifuata zimeondolewa, na penye kovu njia haisomeki vizuri. Ndiyo maana marudio yanataka picha mpya na mkono uliozoea. Hatari alizitaja bila kuzungusha: damu, kuumia jicho, kuvuja maji ya ubongo. Hutokea mara chache, lakini zimo kwenye fomu unayosaini. Nilimuuliza kama kurudia ni dalili kwamba wa kwanza aliharibu. Akasema si lazima. Uingereza walifuatilia wagonjwa wao, na takriban mmoja kati ya 5 wenye nyama hizi alirudia upasuaji ndani ya miaka 5.

Kabla ya siku yenyewe alinipa prednisolone kwa muda mfupi ili uvimbe upungue na damu isiwe nyingi. Inafanya kazi, harufu ilianza kurudi hata kabla ya kupasuliwa! Lakini usingizi ulinikimbia na nilikula ovyo. Mwenye kisukari aseme mapema, kwani dawa hiyo inapandisha sukari.

Nusu kaputi, nikalala, nikaamka. Safari hii hakukuwa na gozi ndefu, aliweka sponji inayoyeyuka yenyewe. Maumivu yalikuwa ya panadol tu. Marufuku kupenga kamasi, marufuku kubeba mbao, chafya ukiisikia inakuja unafungua mdomo. Nyama zilipelekwa maabara, majibu yakasema zimejaa eosinofili, yaani chembe za damu zinazoonekana sana kwenye pumu na aleji. Kwa hiyo chanzo kiko kwenye mwili wenyewe, na kisu hakikifikii. Upasuaji unafungua njia ili dawa ifike ndani.

Kliniki za baadaye ndizo ngumu. Daktari anaingia na kamera na mrija wa kuvuta, anang'oa magamba ya damu iliyoganda. Moja lilitoka refu kama kidole kidogo cha mtoto wangu, na papo hapo hewa ikapita hadi nyuma ya kichwa. Machozi yatakutoka, lakini nenda. Ukiacha, makovu yanashikana.

Nyumbani naosha pua kila siku kwa chupa ya kubonyeza ya ml 240, maji yenye chumvi, na siku nyingine naongeza budesonide, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa maelekezo ya daktari. Maji ya bombani usiyatumie hivihivi. Yachemke sawasawa, yapoe, ndipo utumie, maana kuna vijidudu ambavyo vikimezwa havina shida lakini vikipandia puani vinaweza kuua. Nimehama kabisa upande wa kupiga msasa, na nikipita huko navaa barakoa.

Kuhusu malipo, bima yangu ilibeba upasuaji lakini spirei na chupa nanunua mwenyewe mwezi hadi mwezi, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kukubali tarehe. Nyota tano kwa daktari na manesi. Dirisha la malipo nawapa mbili, na hapo nimewaonea huruma. Nilimuuliza pia daktari kuhusu sindano ya dupilumab, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 2019. Alisema ni nzuri, lakini unachomwa kila wiki 2 bila mwisho unaojulikana, na bei yake kwa fundi wa Keko haizungumziki.

Harufu haijarudi yote. Vanishi naisikia, mninga ukikatwa naujua, pilau ndiyo usiseme. Gesi sina uhakika nayo, kwa hiyo mtungi tumeutoa nje kibarazani na mke wangu ndiye anayeufungua.