Uzoefu wangu: mwanafunzi wa chuo kikuu kama mwalimu wa tuisheni wa mwanangu

Mwanangu alimaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa Kimara, Dar es Salaam, akiwa na alama nzuri za Hisabati. Kwa sababu hiyo, alipoleta matokeo ya mtihani wa nusu muhula wa kidato cha kwanza mwishoni mwa Machi, nilidhani karatasi ile si yake. Alikuwa amepata 18 kati ya 100. Mtoto aliyekuwa akinipigia mahesabu ya duka kwa kichwa alikuwa amepata F katika somo alilolipenda kuliko yote, na alikuwa ameanza kusema kwamba hesabu za sekondari si za watu kama yeye.

Mwalimu ninayemweleza hapa hakuwa wa kwanza. Kabla yake nilimlipa wakala ada ya kuniunganisha na kijana aliyekuja kwa vipindi vinne tu, ambavyo vyote alivitumia kumfanyia mwanangu kazi za shuleni huku mwenyewe akinakili. Daftari lilijaa alama za vema, lakini mtoto alipopewa swali lilelile akiwa peke yake hakujua aanzie wapi. Fedha ile haikurudi.

Huyu wa pili nilielekezwa na jirani. Alikuwa binti wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akisomea Shahada ya Sayansi na Elimu katika masomo ya Hisabati na Fizikia, na alikuwa akitoka Mlimani hadi Ubungo kisha akipanda mwendokasi hadi Kimara. Tulikubaliana aje Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ili asichelewe kurudi hosteli, kwa shilingi 10,000 kila kipindi, na nauli juu yangu. Kwa wiki nne hiyo ni shilingi 120,000 kabla ya nauli. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 kwa wanafunzi wa sekondari za serikali hadi kidato cha nne, hakuna kitu kingine katika masomo ya mwanangu kinachonigharimu kiasi hicho, kwa hiyo vipindi vya mwanzo nilikaa sebuleni nikifuatilia kila kilichosemwa.

Siku ya kwanza hakufundisha. Alimuuliza mwanangu kwa Kiswahili KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya 12 na 18, akajibiwa 36 papo hapo. Akamwandikia swali lenye mabano, kugawanya na kutoa, na mtoto akalitatua kwa kufuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) bila kukosea. Kisha akaandika swali la KDS kwa Kiingereza, kama lilivyokuwa kwenye mtihani, likimtaka aandike kila namba kama zao la namba tasa. Mtoto akanyamaza. Alipobembelezwa aeleze anachokiona, alisema kwamba neno product analijua kuwa ni bidhaa, na hakuelewa bidhaa za 12 zinatafutwaje.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mwanangu alikuwa anajua hesabu lakini hakuwa na maneno yake. Volume kwake ilikuwa sauti ya redio, si ujazo. Power ilikuwa nguvu, si kipeo. Miezi mitatu alikuwa amekaa darasani akiona namba anazozifahamu zimezungukwa na maneno asiyoyafahamu, na kwa aibu hakuuliza. Mwalimu wake wa shule ana wanafunzi wengi mno katika chumba kimoja, nami simlaumu kwa kutoliona hilo.

Binti huyu aliliona mapema kwa sababu alipita njia hiyohiyo. Alimwambia mwanangu kwamba yeye pia alisoma msingi kwa Kiswahili na akalia kidato cha kwanza, na nilimwona mtoto akiinua uso. Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 20 angeweza kumfundisha mada vizuri zaidi, lakini sidhani kama angekumbuka kwa ukaribu huo jinsi mtu anavyojisikia anapopotea ndani ya somo analoliweza. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu kubwa ya kumchagua mwanafunzi wa chuo.

Njia yake ilikuwa rahisi. Walifungua daftari lenye safu mbili, neno la Kiingereza upande mmoja na maana yake ya kihesabu upande wa pili, na hakuna swali lililotatuliwa kabla mtoto hajalieleza kwa Kiswahili. Mazoezi aliyachukua katika kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania anachotumia shuleni, wala hakunitaka ninunue vijitabu vingine. Jioni mwanangu alipogundua kwamba BODMAS ni MAGAZIJUTO ileile, alikuja dukani mbio kunieleza.

Mtihani wa Juni alipata 34, yaani D. Kisha likaja tatizo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua kabla hajaanza. Julai mwalimu alikuwa na mitihani yake ya chuo, na baada ya hapo akaenda mkoani kwa mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, akarudi mwishoni mwa Septemba. Alikuwa amenitajia jambo hili mwanzoni, lakini sikulitilia maanani, na wiki mbili za kwanza nilikasirika. Nilikosea, kwa sababu chuo ndicho kilichomleta mjini, na mzazi anayetaka aache mtihani wake ili asaidie mtihani wa mwingine anaomba lisilo la haki. Alituma maswali matano kila Jumamosi kwa WhatsApp na kusahihisha picha za majibu. Yalisaidia, ingawa hayakufikia kukaa naye meza moja, na mada ya aljebra iliyofundishwa shuleni kipindi hicho bado inamsumbua mwanangu. Ningeanza upya, ningeomba ratiba ya mwaka mzima ya chuo siku ya kwanza, nikapanga naye vipindi vya ziada mwezi Mei na Juni.

Kuhusu malipo, nilimtumia kwa simu kila Jumamosi jioni bila kungoja akumbushe, maana mwanafunzi huona aibu kumdai mtu anayemwamkia shikamoo. Walisomea sebuleni, mlango wazi, na mtu mzima nyumbani siku zote. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliomba hilo, nami nilimheshimu zaidi.

Mtihani wa Novemba mwanangu alipata 52, ambayo ni C. Sasa yuko kidato cha pili na anakabiliwa na upimaji wa kitaifa mwezi Novemba, na mwalimu wake yuko mwaka wa tatu, wa mwisho. Ratiba yake ya chuo imebandikwa ukutani karibu na ya shule. Kwa ajili ya miezi atakayokosekana amenitafutia mwenzake wa mwaka wa kwanza, naye atakuja Jumamosi hii kukaa nao katika kipindi cha aljebra ili mtoto amzoee mapema.