Lisbon ya pembeni: uzoefu wangu kama mtu wa Kilwa

Kama unakwenda Lisbon na umeshapangiwa Mnara wa Belém, tramu ya manjano na vitobosha vya maziwa na mayai, punguza kimoja. Muda utakaoupata upeleke mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale. Humo ndani kuna kitu kimoja ambacho kwa mtu wa pwani yetu kinazidi chochote kingine katika mji ule, na watalii wengi wanaondoka Ureno bila hata kusikia habari zake. Nyota tano natoa hapohapo, kabla sijaeleza chochote.

Mimi ni wa Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale, tunakuona ng'ambo tangu tukiwa watoto. Msikiti Mkuu, jumba la kale la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza ni sehemu tulizopelekwa na walimu wetu na baadaye tukapeleka wageni wetu. Kwa hiyo nilipofika Lisbon nilikuwa na maswali yangu tayari. Nililipia matembezi ya basi, yale ya kikundi, yakatufikisha Belém. Jengo la Jerónimos, monasteri ya kale, ni zuri mno, halina ubishi. Lakini mwongozaji wetu aliitaja Afrika Mashariki mara moja tu, kama mahali meli zilipochukulia maji zikielekea India. Hakusema kwamba jengo lenyewe liligharimiwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Tulipiga picha kwenye mnara wa wavumbuzi, tukapanga foleni juani, tukarudi. Kilichobaki nilikitafuta mwenyewe, na ndicho ninachotaka kuwaelezea hapa.

Janelas Verdes kunafikika kwa urahisi. Basi namba 714 linaanzia Praça da Figueira katikati ya mji na linapita karibu na mlango wa makumbusho, kisha linaendelea hadi Belém. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1884. Siku niliyokwenda mimi hakukuwa na foleni. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba unasikia viatu vyako sakafuni. Jumatatu yanafungwa. Na kwa kuwa makumbusho za Lisbon zimekuwa na ukarabati wa hapa na pale, hakikisha kwanza kwamba vyumba vya vito na dhahabu viko wazi siku utakayokwenda. Ukikuta vimefungwa utaumia roho.

Kitu chenyewe kinaitwa Custódia de Belém. Wakatoliki watakitambua upesi: ni monstransi, chombo cha kuwekea Hostia, yaani mkate mtakatifu, wakati wa ibada ya kuabudu Ekaristi. Kiko peke yake ndani ya kabati la kioo, dhahabu tupu iliyopambwa kwa rangi za kuchomwa motoni, buluu, kijani, nyekundu, nyeupe. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya kuwekea Hostia, kila mmoja na uso wake na mikunjo ya kanzu yake. Juu yao kuna njiwa mweupe, na juu zaidi Mungu Baba. Chini kwenye shina kuna tufe za falaki, ile nembo ya mfalme Manuel wa Kwanza utakayoiona kwenye majengo mengi ya Ureno, na kwenye tako wamejaa ndege na maua. Sonara anayetajwa kuwa ndiye aliyekitengeneza ni Gil Vicente. Mimi ni Mwislamu na chombo hiki si cha ibada yangu, lakini kazi ya mkono ya kiwango hiki inakufanya uvue kofia.

Sasa zunguka kabati polepole na uinamie ukingo wa tako. Kuna maandishi ya Kireno cha zamani yanayokizunguka chombo pande zote. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina la mji wangu limechongwa pale, kwenye dhahabu yenyewe. Nilisoma, nikazunguka tena, nikasoma tena. Mlinzi aliniangalia, nikamwonyesha kwa kidole lile neno kisha nikajigusa kifuani. Sidhani alihitaji tafsiri, maana aliitikia kwa kichwa na kuniachia nafasi nikae nilivyotaka.

Habari ya dhahabu hiyo inajulikana. Vasco da Gama alifika Kilwa Julai 1502 na meli za vita. Alitishia kuuangamiza mji mpaka Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Da Gama alirudi nayo Lisbon mwaka 1503. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa: ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, na biashara hiyo ndiyo iliyouneemesha mji ambao msafiri maarufu Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu sana. Kisha Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida akaja na kundi kubwa la meli, akauteka mji na kuupora. Ibrahim akakimbia. Kwa hiyo sonara alipokuwa anamalizia mitume wake mwaka 1506, Kilwa ilikuwa imeshavamiwa na askari wa Kireno walikuwa wanakaa ndani ya ngome yao pale ufukweni. Tunaposimama leo kwenye Gereza tunasimama mahali ngome hiyo ilipokuwa, ingawa kuta tunazoziona ni za Waomani waliojenga upya baadaye.

Nawaomba walimu wa historia, hasa wa Lindi na Mtwara, muwaonyeshe wanafunzi picha ya chombo hiki. Tunafundisha Kilwa kwa magofu peke yake, kana kwamba mali yake iliyeyuka hewani. Ipo. Ina anwani.

Makumbusho yenyewe yana mengi mengine, na sitayamaliza. Kuna mchoro wa Hieronymus Bosch wa majaribu ya Mtakatifu Antoni, wenye viumbe vya kutisha ambavyo watoto watavitazama bila kuchoka. Kuna mbao 6 zilizochorwa na Nuno Gonçalves zenye nyuso za watu wa Ureno ya karne ya 15. Nilichokaa nacho zaidi ni viambaza vya kukunja vya Kijapani vinavyoonyesha Wareno wakishuka melini: wana suruali pana zilizovimba na pua ndefu, na miongoni mwao wapo watu weusi. Mchoraji wa Japani aliwaona Waafrika na akawachora wakiwa kazini. Ukimaliza, nyuma kuna bustani inayotazama mto Tagus, na unaweza kupumzika hapo na kahawa.

Ukitoka, usipande basi. Tembea kuelekea Madragoa, mtaa wa mteremko ulio jirani, nguo zimeanikwa madirishani na kina mama wanaongea kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 eneo hili liliitwa Mocambo, na lilikuwa makazi ya Waafrika, watumwa na waliokuwa huru. Karibu na hapo ndipo ulipo mtaa wa Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa Kisima cha Weusi. Tramu 28 inapita hapo, na leo ni mtaa wa mikahawa mizuri na maduka ya vitabu. Mwaka 1515 mfalme yuleyule Manuel aliandika amri lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, na limwagiwe chokaa mara kwa mara, kwa sababu maiti zilikuwa zinatupwa majalalani na kuliwa na mbwa. Niliposimama pale nilisoma Fatiha. Abiria wa tramu walikuwa wanapiga picha za mteremko. Lisbon ina shirika la wenye asili ya Afrika linaloitwa Batoto Yetu, lenye matembezi ya kuonyesha sehemu za namna hii. Kama unaweza kupanga nao, fanya hivyo, maana mtaa kama huu unahitaji mtu wa kuusimulia.

Kituo kinachofuata ni kanisa la São Domingos, nyuma tu ya uwanja wa Rossio. Watu maelfu wanapita nje wakielekea kunywa kinywaji cha cheri kwenye kibaraza cha jirani. Kuingia ni bure. Kanisa liliathiriwa na matetemeko ya 1531 na 1755, kisha Agosti 1959 likaungua. Lilipofunguliwa tena mwaka 1994 waliamua kutozificha alama: nguzo za mawe zimemeguka kwa joto, zimebanduka vipande vikubwa, na dari jipya limepakwa rangi nyekundu ya udongo. Nimeona majengo mengi ya ibada yaliyokarabatiwa mpaka yakapoteza umri wake. Hili limeachiwa umri wake wote, na napenda uamuzi huo.

Nje, kwenye kiwanja, kuna jiwe lenye nyota ya Daudi, lililowekwa mwaka 2008. Linawakumbuka Wayahudi waliouawa katika ghasia zilizoanzia kanisani humo Aprili 1506. Mwaka uleule wa chombo cha dhahabu. Na pembeni ya jiwe utawakuta Waafrika, wengi wao wa Guinea-Bissau, wamesimama kwa makundi wakiongea, wakiuza kola na karanga. Hawakufika hapo kwa bahati. Udugu wa Bibi Yetu wa Rozari, chama cha waumini Wakatoliki weusi, ulikuwa na makao yake katika kanisa hili karne nyingi zilizopita, na watu weusi wa Lisbon wamekuwa wakikutana hapa tangu enzi hizo. Nilisalimia kwa Kireno changu cha kuunga, nikaulizwa natoka wapi, na baada ya kusema Tanzania mzee mmoja akataja jina la Nyerere kabla sijamaliza sentensi.

Jina hilo linanipeleka Aljube. Ni jengo la kijivu lililo mkabala na kanisa kuu la Sé, pale ambapo kila mtu anasimama kusubiri tramu ipite mbele ya kanisa ili apate picha. Geuka upande wa pili uingie. Lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa udikteta, likafungwa mwaka 1965, na tangu 2015 ni makumbusho ya upinzani na uhuru. Utaona seli za upweke, nyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono hufiki mbali. Agostinho Neto, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Angola, alifungwa humu. Kuna sehemu nzima ya maonyesho kuhusu ukoloni na vita vya ukombozi.

Kwa mtu wa mkoa wa Lindi hii ni habari ya nyumbani. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Nachingwea ilikuwa kambi yake kubwa ya mafunzo. Wazee wetu waliishi jirani na wapiganaji hao, wakagawana nao chakula. Vita vile vya Afrika viliwachosha wanajeshi wa Ureno mpaka wao wenyewe wakaiangusha serikali yao tarehe 25 Aprili 1974. Wareno wanaisherehekea siku hiyo kwa maua ya karnesheni kifuani. Ndani ya Aljube nilitamani mtu angeongeza ukutani picha moja ya Nachingwea.

Sehemu nyingine mbili nitazitaja kwa haraka. Mãe d'Água huko Amoreiras ni birika kubwa la mawe la kupokea maji ya mfereji wa Águas Livres, ule wenye matao yaliyosimama wakati tetemeko la 1755 lilipobomoa mji. Ndani kuna ubaridi mzuri wakati wa joto, na juu ya paa unaona mji. Makaburi ya Prazeres, mwisho wa tramu 28, ni mitaa ya vijumba vya mawe vyenye milango ya vioo, na majeneza yanaonekana ndani nyuma ya mapazia. Wengine wanayapenda sana. Mimi nilikaa kidogo nikatoka.

Mambo ya kujua: barabara zimetandikwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo vaa viatu vya mpira. Tramu 28 ina wachomoaji, weka simu ndani. Chakula halali kinapatikana kirahisi Martim Moniz na Mouraria, na sambusa zinauzwa kila kona kwa jina la chamuças, zilizokuja na watu wa Goa na Msumbiji. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na wengi wa waliouanzisha walitoka Msumbiji. Ijumaa nilipokelewa vizuri mno.

Mwenye siku moja tu afanye hivi: asubuhi Janelas Verdes mlango unapofunguliwa, ateremke Madragoa kwa miguu hadi Poço dos Negros, ale mchana Mouraria, alasiri Aljube, jioni São Domingos. Belém ataiona kwenye picha za wenzake.