Naivasha au Elementaita kwa kuangalia ndege mwezi wa tatu?

Kama una Jumamosi moja tu mwezi wa tatu, kabla ndege wa Ulaya hawajafunga safari ya kurudi kwao, hapo ndo swali linakuja: uende ziwa lipi kati ya haya mawili ya Bonde la Ufa, Kenya? Ziwa Naivasha ni maji baridi, kwa hiyo samaki wapo, na samaki wakiwepo furukombe, yule tai mvua samaki, yupo. Unapanda boti asubuhi, unakatiza kando ya mafunjo na mdiria, wale ndege wadogo wanaopiga mbizi kuvua samaki, kibao wamekaa juu ya miti iliyokufa majini, na ile sauti ya furukombe ukiisikia mara moja huisahau. Shida ni viboko, usijifanye shujaa ukatembea ukingoni peke yako, na boti patana bei kabla hujapanda sio baada.

Elementaita ni mambo mengine. Maji ya magadi, ziwa halina kina, heroe (flamingo) wanakula mwani humo na mwari weupe, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wanazaliana kwenye visiwa. Hapa boti huna haja nayo, unatembea mdogomdogo na darubini na kama ni mvivu kama mimi unasimama tu kule juu barabara ya Nakuru unaliona ziwa lote. Tangu 2011 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria. Wale chamchanga, ndege wadogo wa ukingoni wanaohama, wako pembeni kwenye tope, ila kuwatofautisha, aisee, kichwa kinauma.

Ukiwa na watoto nenda Naivasha. Mimi peke yangu, Elementaita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaanza.