Singer ya mkono iliyofufuliwa: itazame hapa kabla hujatoa pesa

Habari zenu wadau, karibuni tena mezani. Leo hakuna simu wala spika, leo ni chuma! Singer 15K, cherehani ya mkono. Fundi ameifungua yote mpaka skrubu ya mwisho, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifunga upya. Mlioangalia video iliyopita akiifungua mmenijazia maoni, na wengi mnasema mmekesha nayo wakati hata kifungo hamjawahi kushona. Nawaelewa kabisa, maana na mimi ni hivyo hivyo.

Kushona inashona. Sindano ni za kawaida, bobini za dukani zinaingia, mnayajua hayo, tusimalize bando.

Sogeza kamera hapa kwenye gurudumu. Karibu zaidi. Hapo hapo! Mnakiona hiki kitufe kinachong'aa katikati? Nalishika gurudumu kwa mkono huu, nakilegeza kitufe kuja upande wangu... sasa nazungusha mpini. Tazameni sindano. Imesimama! Gurudumu linakwenda, sindano imetulia, nami najaza bobini uzi bila kuisumbua mashine nzima. Nakaza tena. Mpini mzunguko mmoja: sindano moja, mbili, tatu. Mkono umezunguka mara moja, sindano imeshuka mara tatu, hizo ni gia tu. Ngoja nirudie, maana hapa mimi sichoki. Legeza, imesimama. Kaza, inakwenda.

Sasa ndani. Natoa hii skrubu ndogo, kitufe kinatoka, na siri yote ni hii washa, kijipete bapa cha chuma, hapa kwenye kidole changu. Ina masikio matatu kwa nje na mawili kwa ndani. Ya ndani yanakaa kwenye mifereji ya shafti, ya nje ndiyo yanayoikinga ile skrubu ndogo ya kitufe, ili kitufe kisizunguke kupita kiasi. Ukiirudisha vibaya, kitufe kinagoma, hakikazi sawasawa au hakiachii. Dawa yake? Itoe, igeuze nusu mzunguko, irudishe. Basi! Umetengeneza mashine ya Uskoti kwa bisibisi moja.

Ndiyo, Uskoti. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer pale Clydebank, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Kiwanda hakipo tena, ila stesheni ya treni ya pale mpaka leo inaitwa Singer. Waliounda kitu hiki walijua kuna siku mtu mwingine atakifungua, kwa hiyo wakaweka skrubu kila mahali. Ukitazama video ya namna hii unaona kila kipande kinatoka wapi na kinarudi wapi, kinafanya kazi gani, na akili yako inaanza kukifunga kabla fundi hajakifunga. Hapo ndipo utamu ulipo, na ndiyo sababu usingizi unakuruka!

Linalonikera ni video feki, na zimejaa. Mtu anachukua kitu kizima, anakimwagia maji ya chumvi au tindikali, anakipaka tope, halafu anajidai kakiokota jalalani. Angalieni hivi: kutu imeenea sawasawa pande zote, hata kwenye maungio ambako mafuta ya zamani yangekuwa yameganda. Au sehemu ya shaba ya njano ina kutu nyekundu. Haiwezekani! Shaba ikizeeka inafifia, inaota ukijani. Halafu tazama skrubu zinavyotoka, laini kabisa, kana kwamba zilifungwa asubuhi. Skrubu iliyokaa miaka mingi inabishana na fundi, inataka mafuta, inataka moto, wakati mwingine kichwa kinakatika. Yule jamaa wa Uswisi wa chaneli ya my mechanics haongei neno, lakini skrubu ikiharibika unamwona akikereza mpya mbele yako. Huyo namheshimu.

Rangi. Nilipoipokea niliguna, nikasema kwa nini fundi hakuipiga nyeusi mpya? Nakshi za dhahabu zimefutika hapa ambapo mkono wa mshonaji ulikuwa unapita. Lakini amenieleza: hizi nakshi zimefunikwa kwa sheleki, aina ya vanishi, na spiriti inaiyeyusha. Ukipitisha spiriti hapa, nakshi zinaondoka na kitambaa. Yeye ametumia mafuta ya cherehani na pamba, taratibu. Na kadiri ninavyokaa nayo naona heri ibaki hivi, maana rangi mpya ingefuta kila dalili ya aliyeitumia.

Mtaniuliza habari za Butterfly. Butterfly JA2-1 ya Shanghai ni umbo hili hili la Singer 15, na vipuri vingi vinaingiliana, ndiyo maana mafundi wetu wanaziweza zote mbili. Ukitaka kuanza biashara kesho, nunua Butterfly, sitakuzuia. Na ujue mashine ya mkono inakuachia mkono mmoja tu wa kuongoza kitambaa. Mapazia marefu yatakutesa.

Hata vigari vya kuchezea vya Matchbox, vile vya kampuni ya Lesney ya Uingereza vilivyoanza 1953, watu wanavifufua siku hizi. Ila vile vimefungwa kwa ribiti, pini ya chuma isiyofunguka kwa bisibisi, lazima uitoboe kwa drili ndipo kifunguke. Ninavitazama, ninavipenda, lakini pale drili inapoingia moyo unanishtuka. Skrubu ni skrubu bwana!

Bei: nimelipa laki mbili na ishirini, kisanduku cha mbao ndani yake. Kwa pambo la sebuleni ni ghali. Kwa mtu anayetaka kushona na kujifunza kuifungua mwenyewe, toa pesa.

Jumamosi tuko mubashara. Kama nyumbani kwenu kuna Singer, niandikieni herufi na namba zilizogongwa ubavuni, tuzisome pamoja tujue umri wake. Fundi anayo nyingine ya kanyagio, anataka laki tatu na nusu, na meza imeliwa na mchwa upande mmoja. Nimemwambia ashushe. Tukielewana, hiyo ndiyo mtakayoiona ikifunguliwa.