Minana wanane wananena: kijitabu cha kuhesabu nilichokipata Nyawera

Tangu mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka minne na nusu halali kabla minandi wanne, ndege wa majini walio katika kijitabu chake cha kuhesabu, hawajakausha mabawa. Kijitabu hicho nilikinunua soko la Nyawera, hapa Bukavu, kwa faranga 6,000, kwa mama anayetandika madaftari na kalamu chini ya mwavuli.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Asubuhi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wamerudi, wamelala. Ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja inaelea tu na miti yake mirefu ya kushikia wavu. Mwewe mmoja anatua. Wanamfuata kunguru wawili, kisha midiria watatu, na kila ukifunua, mtumbwi umezama kidogo zaidi. Wakija ndege kumi, mvuvi anaamka, anapiga mluzi. Ukurasa wa mwisho ni miti mitupu na ziwa. Huo ndio anaoupenda kuliko yote: anauwekea kiganja na kunong'ona, "Sifuri."

Mtunzi ana sikio. Minandi wanne na minana wanane amewaweka makusudi ili ulimi uteleze, halafu anamalizia: "Minana wanane wananena." Mtoto akiweza kuisema mara tatu bila kukosea, nyumba nzima inapiga makofi. Na mchoraji anawajua ndege wetu. Mnandi amemchora mabawa wazi, kama anavyosimama kweli akitoka majini. Mdiria anapigapiga mabawa hewani palepale, anatazama chini, bado hajapiga mbizi.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu yenyewe. Nyumbani, kama Bukavu yote, tunasema "ndege mbili, ndege tatu". Kijitabu kinasema ndege wawili, ndege watatu, bila kumkemea mtu, na baada ya siku chache mtoto amekishika. Amekishika mno: alipofika sita akasema "ndege wasita", na nilipomwambia ni sita tu, akauliza kwa nini hao wamenyimwa "wa" yao. Nikamweleza kwamba sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka kwa Waarabu, yalikuja yalivyo na yakabaki yalivyo. "Na kumi, Koko?" Kumi ni letu wenyewe, na hapo nilikwama. Mama yangu hakusema tisa, alisema kenda. Ningependa neno hilo liandikwe hata pembeni kwa herufi ndogo, maana wazee wengi huku bado wanalo.

Sasa kasoro. Ukurasa wa saba una vitwitwi sita. Tumewatafuta kwa taa ya simu usiku umeme ulipokatika, tumetafuta mchana, nyuma ya wavu, ndani ya ndoo. Ni sita. Katika kitabu cha kumfundisha mtoto kuhesabu, kosa hilo ni kubwa, na mjukuu aliliona kabla yangu. Alimwongeza wa saba mwenyewe kwa kalamu ya bluu, mwenye miguu mitatu. Pini nazo ni mbili tu, na karatasi ya katikati imeshang'oka.

Hata hivyo nilirudi Nyawera nikanunua kingine kwa ajili ya mtoto wa jirani. Ukikinunua, kishone mgongo kwa uzi kabla hujampa mtoto, na kalamu ya bluu iwe karibu.