Saa sita na saa kumi na mbili: nilivyokifuata kimbunga Milton nikiwa Kibuye

Kama una mtu wako Florida au visiwa vya Karibi, andika mahali utakapopaona: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Hizo ndizo nyakati ambazo National Hurricane Center, kituo cha Marekani kilichoko Miami, hutoa taarifa za kila kimbunga kilicho hai. Wao hutaja saa za mahali kimbunga kilipo, mara saa kumi, mara saa kumi na moja, unachanganyikiwa. Kwetu Kenya hazibadiliki. Mimi niliziandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye ukuta wa kibanda changu cha ushonaji hapa soko la Kibuye, Kisumu, Oktoba 2024, na sijazifuta mpaka leo.

Nataka kuusifu ukurasa wa kituo hicho kwenye mtandao, na pia nina lawama moja kubwa nao. Lakini kwanza mjue ni kwa nini fundi cherehani wa Kisumu alikesha nao siku tano.

Mdogo wangu ni muuguzi St. Petersburg, mji ulio kando ya Ghuba ya Tampa. Wakati huo alikuwa akikaa na wanawe wawili kwenye nyumba ya chini, ukanda A, yaani wale wanaoamriwa kuondoka kwanza bahari ikitarajiwa kupanda. Wiki mbili kabla, kimbunga Helene kilikuwa kimepita mbali huko baharini, na hata hivyo maji yakaingia sebuleni kwake mpaka magotini. Makochi na magodoro ya mtaa mzima yalikuwa bado yamerundikwa kando ya barabara aliponipigia kusema kingine kimezaliwa upande wa magharibi wa Ghuba ya Mexico, jina lake Milton, na kinakuja moja kwa moja kwao.

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp mambo yaliharibika siku hiyo hiyo. Mjomba alituma video ya mtu akipiga kelele kwamba kimbunga cha daraja la 6 kinakuja kuifuta Florida. Mama akaiona, akaacha kula. Hakuna daraja la 6. Kipimo wanachotumia, Saffir-Simpson, huishia 5, na daraja la 5 huanzia upepo wa maili 157 kwa saa, kama kilomita 252. Hayo niliyajua baada ya mdogo wangu kunitumia kiungo na ujumbe mfupi: "Dada, soma hapa tu. Hizo video achana nazo."

Nikasoma. La kwanza lililonifurahisha ni wepesi. Kuna kurasa za maandishi matupu, hazina picha wala matangazo, zinafunguka hata mtandao ukiwa unasuasua. Bando la shilingi 50 lilinitosha, na masalio nikapigia Mama. Stima ilipopotea Jumatatu jioni, simu yangu ikiwa na chaji kidogo, bado niliweza kusoma.

Kila taarifa inafuata mpangilio ule ule: kimbunga kiko wapi, kinaelekea wapi kwa kasi gani, upepo wake, hatari zake, na ni pwani zipi ziko chini ya tahadhari au onyo. Tahadhari maana yake hali ya kimbunga inawezekana, na hutolewa kama saa 48 kabla upepo mkali haujafika. Onyo maana yake inatarajiwa, kama saa 36 kabla. Ukishaelewa tofauti ya maneno hayo mawili umeelewa nusu ya kazi, kwa sababu onyo likitoka, muda wa kujadiliana umekwisha.

Ila hazina yenyewe iko kwenye ukurasa mwingine, ule wa maelezo ya mtabiri. Hapo mtu aliyekaa zamu anaandika kwa nini amesema alichosema. Anakwambia ndege iliyoingia ndani ya kimbunga imepima nini, kompyuta zipi za utabiri zinakubaliana na zipi zinapingana, na yeye mwenyewe ana wasiwasi wapi. Chini anaweka jina lake la ukoo. Mimi ni fundi. Nguo ninayoitoa naitia alama yangu upande wa ndani wa kola, ili ikifumuka mwenyewe ajue pa kuirudisha. Nilipoona mtabiri ametia jina lake chini ya maneno kama "hatuna uhakika na eneo kitakapotua", nilimwamini kuliko yule wa video aliyekuwa na uhakika wa kila kitu.

Jumatatu tarehe 7 Oktoba sitaisahau. Mchana nilipofungua kilikuwa kimbunga cha daraja la chini. Magharibi, nikiwa nashikiza mikono ya gauni la mteja, nikafungua tena: daraja la 5. Hawakungoja saa zao, walitoa taarifa ya dharura katikati. Usiku huo upepo ulifika maili 180 kwa saa. Sikuwahi kuona kitu kikikua hivyo ndani ya siku moja. Gauni nikaliweka chini.

Kufikia Jumanne taarifa ilisema bahari ingeweza kupanda futi 10 hadi 15 ndani ya Ghuba ya Tampa. Hapa ndipo nina malalamiko madogo: upepo wanautoa kwa maili na kilomita pia, lakini kwa Florida maji ni futi tu na mvua ni inchi tu. Kwangu si shida, kazi yangu ni inchi. Tepu yangu ina inchi 60, yaani futi 5. Nikamwonyesha Mama: mara tatu, Mama, kwenda juu. Paa la kibanda changu halifiki hata mara mbili. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwambie mtoto atoke."

Alikuwa ameshatoka. Kujitayarisha kwake kulikuwa kwa mtu aliyefunzwa na Helene. Vyeti vya watoto na pasi za kusafiria kwenye mfuko usioingia maji. Maji ya kunywa galoni moja kwa kila mtu kwa siku, kama wanavyoshauriwa kule. Alipiga picha kila chumba kwa ajili ya bima, akazima umeme kwenye swichi kuu, akabeba dawa ya pumu ya kijana. Petroli ndiyo ilimtesa, vituo vingi vilikuwa vimekauka, akapanga foleni tangu usiku. Halafu akaendesha kuvuka jimbo lote mpaka Port St. Lucie, upande wa Atlantiki, kwa rafiki yake wa kanisani anayetoka Siaya.

Na sasa lawama yangu kubwa.

Kuna mchoro maarufu, koni nyeupe inayoanzia kwenye kimbunga na kutanuka kadiri siku zinavyosonga. Ndio unaosambazwa kila mahali. Mtu yeyote akiutazama mara ya kwanza anadhani ule weupe ni ukubwa wa kimbunga: aliye ndani amekwisha, aliye nje amepona. Sivyo. Koni inaonyesha tu njia ambayo kiini cha kimbunga huenda kikapita, na upana wake unatokana na makosa ya utabiri wao wa miaka mitano iliyopita, kiasi kwamba theluthi mbili za makosa hayo zinaingia ndani. Maana yake, hata kiini chenyewe kinaweza kupita nje ya koni. Upepo, mvua na maji vinafika mbali zaidi. Wameliandika hilo hapo hapo juu ya mchoro, ndiyo, lakini macho hukimbilia picha. Agosti 2024 walianza kujaribu mchoro mpya unaopaka rangi pia maeneo ya bara yaliyo chini ya tahadhari na onyo. Ni afadhali, ila koni bado iko pale ikitawala.

Mimi iliniponza. Niliona Port St. Lucie iko ng'ambo, mbali na Ghuba, nikamwambia Mama tulale, mtoto amefika salama. Kwenye taarifa ya Jumatano kulikuwa na mstari kuhusu tonado katikati na kusini mwa Florida. Niliuona, nikaupita, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye koni.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa sita, nimekaa nangoja taarifa, ukaingia ujumbe wa kawaida, si wa WhatsApp: "Tuko bafuni. Godoro juu ya watoto. Simu zinalia onyo la tonado." Kule ilikuwa saa kumi na moja jioni, na kimbunga chenyewe kilikuwa hakijafika hata nchi kavu. Mikanda ya mvua ya mbele ndiyo iliyozaa tonado upande wa pili kabisa wa jimbo. Kaskazini kidogo ya Port St. Lucie, karibu na Fort Pierce, katika mtaa wa wazee uitwao Spanish Lakes, watu sita walikufa jioni ile.

Mama aliuliza tonado ni nini. Baba alikuwa mvuvi wa Dunga, hapa Ziwa Victoria, kwa hiyo nilimwambia: ule mkia unaoshuka kutoka mawinguni ukazunguka juu ya ziwa na kuvuta maji, Baba aliokuwa akiukimbia kwa makasia. Sasa uwe nchi kavu, juu ya nyumba. Alielewa mara moja. Tulikaa hivyo, simu mezani, mpaka saa saba na dakika kumi ujumbe wa pili ulipoingia: "Imepita. Tuko wazima."

Milton kilitua karibu na Siesta Key, kusini mwa Sarasota mjini, saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, kikiwa daraja la 3, maili 120 kwa saa. Kushuka kutoka 5 hadi 3 kuliwafurahisha wengi kwenye kundi letu. Maelezo ya mtabiri yalikuwa yameshaonya tangu Jumanne kwamba hata upepo wa katikati ukipungua, kimbunga kitatanuka na kubaki hatari. Daraja linahesabu upepo tu. Halihesabu maji.

Na maji yakafanya jambo ambalo bila kusoma nisingelielewa. Vimbunga vya kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume na mwendo wa saa. Kiini kilipopita kusini mwa Ghuba ya Tampa, upepo ukawa unatoka bara na kuyasukuma maji ya ghuba kwenda nje badala ya kuyaleta ndani. Zile futi 15 hazikufika mlangoni kwa mdogo wangu. Lakini St. Petersburg ilinyeshewa zaidi ya inchi 18, paa la uwanja wa Tropicana Field likachanwa kama kitambaa chepesi, na zaidi ya wateja milioni 3 wa Florida wakakosa umeme. Kwake gereji ilijaa, vyumba vikabaki vikavu.

Siku hizo nilitumia pia Windy, programu ya simu yenye rangi na mistari ya upepo inayotembea. Ni nzuri kwa kumwonyesha mtoto au mzazi upepo utakuwa upande gani saa fulani. Shida ni kwamba inakuruhusu kuchagua utabiri wa kompyuta ya Ulaya au ya Marekani, nawe ukiwa na hofu utachagua ile inayokupa moyo. Mimi nilifanya hivyo Jumanne nzima. Inakula bando vilevile. Nimeibakiza kwenye simu kwa ajili ya mvua zetu za alasiri, kujua kama nianike vitambaa.

Mama alitaka kujua kama Milton anaweza kuja ziwani. La. Kimbunga cha namna hiyo kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kianze kujisokota, na msukumo huo karibu na ikweta ni kama haupo. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wenyewe. Dhoruba zetu za usiku huua wavuvi, lakini hizo ni mambo mengine.

Oktoba 2025, Melissa ilipoielekea Jamaica ikiwa daraja la 5, mteja wangu mmoja mwenye mwana Kingston alikuja kibandani akilia, simu mkononi, koni imejaa kwenye kioo. Nilimpa kiti. Nikamfungulia ukurasa wa maandishi, tukasoma pole pole mstari kwa mstari, ule wa maji, ule wa mvua ya milimani, ule wa maporomoko ya ardhi. Tukamwandikia kijana ujumbe wa kawaida, maana WhatsApp huwa ya kwanza kukatika: uko juu au chini, una maji ya siku ngapi, chumba gani hakina dirisha. Alijibu yote matatu. Kisha mama yule akautazama ukuta wangu, akaniomba chaki, akazinakili zile saa nne nyuma ya risiti yake ya kitambaa.